Mji Katika Leso

Ina pindo, ina mji, ina jina,
kama leso yoyote inayojiheshimu.
Pindo ni majani ya mwaloni na nyota kumi na tatu.
Jina: UKUMBUSHO WA MIAKA MIA, FILADELFIA, 1876.
Na mji wake ni mji kweli:
jumba la kioo na chuma, refu kuliko subira,
bendera juu ya paa zote zikipepea upande mmoja
kana kwamba upepo nao uliajiriwa.

Aliyeikagua ni Lovisa Trumbauer,
kiwanda cha Manayunk, ghorofa ya pili,
kando ya mto uliopita mwekundu Jumatatu
na wa kahawia Alhamisi;
samaki, wenyeji walisema, walijua siku za juma.
Kitambaa kilimfikia kikiwa bado na joto la rola.
Akatazama, akakata. Jumba, jumba, jumba,
mia sita kwa zamu.
Usiku akifumba macho, madirisha.

Mwezi wa Machi jumba lenyewe lilikuwa bado mifupa,
mafundi wakining'inia juu yake kama nguo kambani.
Ferris Ockenden, mchonga rola, hakungoja.
Alichonga kwa kufuata mchoro wa karatasi
uliomwagikiwa kahawa,
akaongeza mnara
kwa sababu pembeni palibaki patupu
na yeye patupu pakimtazama hali chakula.
"Watajenga," alisema.
Hawakujenga.

Mei, malango yakafunguliwa. Kiingilio nusu dola.
Nusu dola Lovisa alikuwa nayo,
ndani ya soksi, chini ya godoro, tangu Februari.
Alichokosa ni siku.
Jumatatu hadi Jumamosi rola ilimtaka,
na Jumapili, siku ya Bwana, maonyesho yalifungwa
ili watu wapumzike.

Akaenda hivyo hivyo, Jumapili moja ya Agosti,
yeye na dada yake Keturah, viatu vinang'aa.
Nje ya uzio alitoa leso mfukoni,
ile yenye doa, isiyouzika,
akaiinua usawa wa macho, akalinganisha.
Bendera, sawa. Madirisha, karibu sawa.
"Wameniibia mnara," alisema,
na Keturah akacheka hadi kofia ikamdondoka
na mlinzi akaja kuwafukuza.
(Haya yamo katika barua ya Keturah kwa shangazi yao.
Mikunjo mingine nimeipiga pasi mimi.)

Leso isiyo na doa ilinunuliwa ndani,
ikafuta jasho la kustaajabu mitambo,
ikapanda treni hadi Ohio, zawadi
kwa mke wa muuza mbegu,
ambaye hakuitundika wala hakupengea kamasi.
Aliikata.
Mkasi ulipita katikati ya jumba.
Alikuwa akishona mfarishi wa viraka
na alipungukiwa na kahawia.

Nusu ya mji ikalala kichwa chini
ubavuni mwa gauni la marehemu.
Watoto wanne waliugua surua chini ya bendera zile.
Watatu walipona.

Kule Filadelfia jumba likauzwa kwa mnada,
chuma kwa uzito, kioo kwa idadi.
Mnara pekee haukupata mnunuzi.

Sasa mfarishi uko magotini pangu,
mimi ninayelipwa kuuchelewesha kufa.
Nyekundu bado ni nyekundu.
Lakini kahawia ilishikizwa kwa maji ya chuma,
na chuma kina njaa ya taratibu:
kinakula pamba pale tu palipochapwa,
mstari kwa mstari, kikifuata mkono wa Ferris
kwa utiifu ambao mafundi hawakuwa nao.
Unga wake uko kwenye aproni yangu.

Nimeagizwa nitie kiraka kwa nyuma, rangi ya kufanana.
Sindano nimeitunga uzi tangu asubuhi.
Lakini madirisha, Lovisa, yametoboka.
Nikiinua kitambaa usawa wa macho
naona ng'ambo yake ua wa jirani,
ndoo ya bluu, kamba,
na kwa kuwa leo ni Jumapili
mwenyewe yupo, anaanua shuka.